Miaka sita ya kupulizia dawa ya magugu na majibu ya kipimo cha mbegu za kiume: je, kuna uhusiano?

Mpuliziaji ameuliza:

Ndugu zangu, naomba mwongozo wenu katika jambo ambalo nimelibeba moyoni kwa miezi kadhaa bila kumwambia mtu zaidi ya mke wangu. Nina umri wa miaka 34, na kwa misimu sita mfululizo kazi yangu imekuwa kupulizia dawa ya kuua magugu katika mashamba ya watu kwa bomba la mgongoni, na msimu unapopamba moto hufanya kazi hiyo siku tano kwa wiki. Tumekuwa tukitafuta mtoto kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Alipimwa yeye kwanza, hakuonekana na tatizo, na ndipo mimi nikakubali kwenda.

Majibu yangu ni haya: ujazo wa shahawa mililita 2.1, mbegu milioni 9 kwa kila mililita, zenye mwendo asilimia 24, na zenye umbo la kawaida asilimia 3. Aliyenikabidhi karatasi alisema tu kwamba mbegu ni chache na zimechoka, akanishauri nile vizuri na nipumzike. Sivuti sigara, na pombe huigusa mara chache sana. Kitu pekee ninachokiona kuwa tofauti kati yangu na wanaume wengine wa rika langu ni hiyo dawa.

Ninakiri kwamba kinga yangu si nzuri. Huvaa buti na kofia, lakini glavu huzivaa nikizikumbuka, na bomba langu huvuja kwenye mshono wa kifuniko kiasi kwamba ifikapo saa sita suruali imelowa kuanzia kiunoni hadi mapajani. Tupo watatu tunaoifanya kazi hii pamoja. Mmoja ana watoto wanne, mwingine ameoa kwa miaka mitano na hana mtoto, kwa hiyo hata nikitaka kujifunza kutoka kwa wenzangu ushahidi unavutana.

Ninachotaka kujua ni kama dawa hizi kweli zinaweza kushusha mbegu za mwanamume, kama zote ziko sawa katika hilo, na kama hali yangu inaweza kurudi nikiacha.

Hadubini amejibu:

Ndugu Mpuliziaji, pole kwa mzigo huo, na hongera kwa kuupeleka maabara badala ya kuuficha. Mimi nimefanya kazi ya maabara kwa miaka mingi, kwa hiyo nitazungumzia karatasi yako na kuwaachia wengine habari za dawa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, ambao ni toleo la sita, unaweka viwango vya chini vya rejea kuwa ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, jumla ya mbegu milioni 39 kwa mmwago mmoja, mwendo asilimia 42, na umbo la kawaida asilimia 4. Ukizidisha mbegu zako milioni 9 kwa mililita 2.1 unapata karibu milioni 19, yaani takriban nusu ya jumla hiyo ya rejea. Hata hivyo ni muhimu ujue viwango hivi vilipatikanaje. Walichukuliwa wanaume ambao wenzi wao walishika mimba ndani ya miezi 12, wakapangwa kuanzia mwenye mbegu chache hadi mwenye mbegu nyingi, na mstari ukachorwa mahali ambapo asilimia 5 ya akina baba hao walibaki chini yake. Maana yake ni kwamba wapo wanaume waliozaa wakiwa chini ya mstari, na wapo walio juu yake ambao hawazai. Karatasi yako inasema kwamba uwezekano umepungua na safari imekuwa ndefu zaidi; haisemi kwamba wewe ni tasa, na yeyote atakayekutamkia neno hilo kwa karatasi hii moja atakuwa amekosea.

Jambo la pili ni kwamba kipimo kimoja hakitoshi kabisa. Mbegu za mtu mmoja hupanda na kushuka kwa kiasi kinachowashangaza hata sisi tunaozihesabu. Je, ulikaa siku ngapi bila kukutana na mkeo kabla ya kutoa sampuli? Inatakiwa iwe kati ya siku 2 na 7. Je, sampuli yote iliingia chomboni? Tone la kwanza ndilo hubeba mbegu nyingi zaidi, na mtu akilipoteza kwa haraka au kwa aibu, majibu yote yanapotoka. Je, ulipata homa kali katika miezi mitatu iliyotangulia? Homa pekee yaweza kushusha idadi kwa wiki kadhaa.

Hiyo miezi mitatu naomba uishike, kwa sababu ndiyo ufunguo wa swali lako la mwisho. Mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa ndani ya korodani, kisha hupita kwa wiki moja hadi mbili hivi katika mrija mrefu uliojikunja nyuma ya korodani, ambamo hukomaa na kujifunza kuogelea. Kwa hiyo shahawa uliyoipeleka mwezi uliopita ilikuwa ikisimulia maisha yako ya miezi mitatu kabla yake. Kama kuna kitu kinachoziumiza mbegu zikiwa njiani, na seli mama zinazozizalisha bado zi hai, kuondoka kwa kitu hicho huonekana katika kipimo baada ya muda kama huo. Kama seli mama zenyewe zimeuawa, hakuna cha kusubiri. Kuwa na milioni 9 ni dalili njema kwamba zako bado zinafanya kazi.

Nisisitize mawili kabla sijaondoka. Kwanza, usiiache dawa ya magugu ikafunika sababu nyingine. Mwombe daktari akupapase korodani ukiwa umesimama, aangalie kama kuna mishipa ya damu iliyotanuka juu yake, hali inayoitwa varikoseli, ambayo hupatikana kwa takriban asilimia 15 ya wanaume wote lakini kwa hadi asilimia 40 ya wanaotafuta mtoto bila kupata, na mara nyingi inatibika. Apime pia FSH na LH, homoni zinazotoka chini ya ubongo kuziamuru korodani, na testosteroni, homoni ya kiume. FSH ikiwa juu sana, maana yake ubongo unapiga kelele na korodani haziitikii. Pili, kuna watu watakaokushauri uchomwe sindano za testosteroni ili kuongeza nguvu. Usikubali. Testosteroni inayotoka nje huufanya ubongo uamini kwamba kazi imekamilika, nao huacha kutuma ishara kwa korodani, na nimeona wanaume wenye milioni kadhaa wakifika sifuri kwa sababu ya tiba waliyoilipia wenyewe.

Jembe Kavu amejibu:

Naomba nitofautiane kwa heshima na mwelekeo wa mjadala huu kabla haujawatia watu hofu. Mimi ni mkulima, nimetumia dawa ya magugu iitwayo glaifoseti kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na watoto ninao. Dawa hii imekuwa sokoni tangu mwaka 1974, na namna inavyoua inajulikana: huziba kimeng'enya kimoja ambacho mimea hukitumia kujitengenezea baadhi ya asidi za amino. Binadamu hana njia hiyo mwilini mwake. Asidi hizo yeye huzipata katika chakula. Sasa kitu kinachoshambulia mlango ambao haupo katika nyumba yako kitaingilia wapi?

Tukumbuke vilevile kwamba mwanamume anayefanya kazi juani siku nzima, amevaa suruali nzito, hali vizuri na halali vya kutosha, ana sababu nyingine nyingi za mbegu kupungua. Korodani zimewekwa nje ya mwili kwa sababu zinahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Na wanaosema dawa ziachwe kabisa wanaweza kuwa hawajawahi kupalilia ekari tatu kwa jembe, migongo yao ikiwa ndiyo bomba.

Msoma Lebo amejibu:

Ndugu Jembe Kavu, hoja yako kuhusu kimeng'enya ni ya kweli na inafaa iheshimiwe, lakini inaishia pale lebo inapoanza. Ndani ya chupa hakuna glaifoseti peke yake. Kuna viambato vya kuifanya dawa itande na kupenya ngozi ya jani, vinavyofanana na sabuni, na kimojawapo kilichotumika kwa muda mrefu, kinachotokana na mafuta ya wanyama na kujulikana kwa herufi POEA, kilionekana kuwa na sumu kali kwa seli kuliko glaifoseti yenyewe, hata Umoja wa Ulaya ukakiondoa katika dawa za glaifoseti mwaka 2016. Kitu kilichotengenezwa ili kupenyeza ngozi ya jani hakiulizi kama ngozi iliyo mbele yake ni ya jani au ya paja.

Hata hivyo niseme wazi ili nisionekane ninashabikia upande. Kuhusu glaifoseti na mbegu za binadamu ushahidi ni mchache na unapingana. Majaribio kwa panya yameonyesha kushuka kwa testosteroni na kwa ubora wa mbegu, mara nyingi kwa dozi kubwa kuliko anayoipata mtu shambani. Ubishi mkubwa mnaousikia, ambapo mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, na mwaka huohuo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikasema haielekei kuwa hivyo, ni ubishi wa saratani. Uzazi ni kesi nyingine, na watu huzichanganya.

Kosa la swali linaloulizwa kila mara, kama dawa ya magugu huleta utasa, ni kudhani kwamba "dawa ya magugu" ni kitu kimoja. Ni kama kuuliza kama "dawa za hospitali" hushusha presha. Kinachounganisha kemikali hizi ni kwamba zote huua mimea. Ndani ya mwili wa mwanamume kila moja ina tabia yake.

Chukua atrazini, inayotumika sana katika mahindi na miwa. Hii ina historia nzito kuhusu homoni. Katika panya huvuruga ishara ambayo ubongo hutuma ili homoni ya LH itoke, na LH ndiyo inayoziamuru seli za korodani zitengeneze testosteroni. Katika seli zilizokuzwa maabara imeonekana kuamsha kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike. Mwaka 2010 Tyrone Hayes na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha jaribio ambalo vyura 40 wa kiume walikuzwa katika maji yenye kiasi kidogo sana cha atrazini: wengi walipoteza uwezo wao wa kiume, na mmoja kati ya kila kumi akageuka jike kamili aliyetaga mayai. Watafiti wengine, wakiwemo waliolipwa na mtengenezaji, hawakupata matokeo hayo, na ubishi haujaisha. Chura si binadamu. Lakini Ulaya iliiondoa atrazini mashambani mwanzoni mwa miaka ya 2000, hasa kwa sababu ilikuwa ikionekana katika maji ya ardhini kupita kiwango kilichoruhusiwa.

Kwa binadamu, utafiti ninaouona kuwa wa maana zaidi ni ule uliochapishwa na Shanna Swan na wenzake mwaka 2003. Waligundua kwamba wanaume wa eneo la kilimo la Missouri, Marekani, walikuwa na mbegu chache na dhaifu kuliko wanaume wa mji mkubwa wa Minneapolis, nao hawakuwa wapuliziaji, walikuwa watu wa kawaida ambao wake zao walikuwa wajawazito. Walipopima mkojo, wale wa Missouri wenye mbegu dhaifu walikuwa na mabaki mengi zaidi ya alakloro na atrazini, ambazo ni za magugu, na ya diazinoni, ambayo ni ya wadudu. Idadi ya waliopimwa ilikuwa chini ya mia, kwa hiyo huwezi kujenga nyumba nzima juu yake, lakini unaweza kuweka msingi.

Kuhusu 2,4-D, ambayo huua magugu ya majani mapana, mwaka 1991 watafiti wa Argentina walilinganisha wapuliziaji 32 na wanaume 25 wasioigusa, wakakuta kwa wapuliziaji mbegu zisizo na mwendo, zilizokufa na zenye umbo baya kwa wingi zaidi. Baadhi ya hitilafu zilianza kupungua muda ulivyopita baada ya kazi, ila umbo baya lilidumu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima wa Ontario, Kanada, walipimwa na 2,4-D ikapatikana ndani ya shahawa za takriban nusu yao. Nilisoma matokeo hayo mara mbili nilipokutana nayo kwa mara ya kwanza, kwa sababu mimi pia nilidhani kitu hicho hubaki kwenye mikono na nguo.

Sasa nizungumzie suruali yako, Ndugu Mpuliziaji, maana hapo ndipo nilipoinua nyusi. Mwaka 1971 zilichapishwa kazi za watafiti wa ngozi waliowapaka watu wa kujitolea kiasi kidogo cha viuatilifu sehemu mbalimbali za mwili na kupima kilichotoka kwa mkojo. Kwa dawa moja ya wadudu iitwayo parathioni, ngozi ya mkono chini ya kiwiko ilipitisha takriban asilimia 9. Ngozi ya mfuko wa korodani ilipitisha karibu yote. Kila kemikali ina kiwango chake, na glaifoseti hupita kwa shida sana kwenye ngozi isiyo na jeraha, lakini tofauti kati ya ngozi na ngozi inabaki palepale: wewe umekuwa ukivaa kofia na kuacha wazi mlango mpana kuliko yote. Bomba linalovuja kiunoni ni jambo zito zaidi kuliko upepo unaokupiga usoni, na bado watu wengi hununua barakoa kabla ya kubadilisha mpira wa kifuniko.

Nimalizie kwa kisa ambacho si cha dawa ya magugu, bali cha sumu ya minyoo ya udongoni iliyoitwa DBCP. Ilianza kutumika katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 1961 ilichapishwa taarifa kwamba korodani za panya walioivuta zilisinyaa, na matumizi yakaendelea. Mwaka 1977 wanaume wa kiwanda kimoja huko Lathrop, California, walipokuwa wakizungumza wenyewe kwa wenyewe waligundua kwamba karibu hakuna aliyekuwa amepata mtoto tangu aanze kazi pale. Walipopimwa, waliofanya kazi kwa miaka mingi walikuwa na mbegu chache mno au hawakuwa nazo kabisa, na waliofanya kwa miezi michache walikuwa karibu na kawaida. Sumu hiyo ilipigwa marufuku katika matumizi karibu yote nchini Marekani mwaka 1979. Baadhi ya wanaume wale walirudi katika hali yao baada ya miaka, na baadhi hawakurudi kamwe, hasa wale waliokuwa wamefika sifuri.

Kwa hiyo ukitaka jibu la maana, tuandikie majina ya viambato amilifu vilivyoandikwa kwenye lebo, yaani kemikali yenyewe na si jina la biashara, pamoja na idadi ya siku unazopulizia na nani anayechanganya. Anayepima dawa kutoka kwenye chupa hupata matone mazito ambayo bado hayajazimuliwa, na dakika zake tano huweza kumzidi anayepulizia asubuhi nzima.

Mama Pacha ameuliza:

Samahanini kwa kuingilia. Mume wangu anafanya kazi kama hii, na mimi ndiye ninayefua nguo zake, mara nyingi kwa mikono na katika beseni moja na nguo za watoto. Mmezungumza sana juu ya wanaume, lakini nina mtoto wa kiume wa miaka mitatu na nina mimba ya miezi miwili. Je, madhara haya huanza mtu akiwa mtu mzima tu, au na mtoto anaweza kuumizwa kabla hajajua hata shamba ni nini?

Msoma Lebo amejibu:

Dada Mama Pacha, hujaingilia hata kidogo. Huenda swali lako ni zito kuliko lililofungua mjadala. Mtu mzima anatengeneza mbegu mpya kila siku, kwa hiyo ana nafasi ya kuanza upya. Mtoto aliye tumboni anajenga kiwanda chenyewe. Kwa mimba ya kiume, kipindi ambacho testosteroni huamua maumbile ya kiume yatakavyokuwa ni takriban wiki ya 8 hadi ya 14, na wewe ndiyo unakiingia sasa.

Kuna dawa ya magugu iitwayo linuroni ambayo hukaa katika kipokezi cha testosteroni na kuzuia homoni isifanye kazi yake. Panya wajawazito waliopewa linuroni walizaa madume yenye mirija ya mbegu iliyoharibika, na Ulaya ilikataa kuiongezea kibali mwaka 2017. Kwa binadamu, somo kubwa lilitoka Seveso, Italia. Tarehe 10 Julai 1976 kiwanda kilichotengeneza kemikali inayotumika kuundia dawa ya magugu kilimwaga wingu la sumu iitwayo dioksini juu ya makazi ya watu. Miaka mingi baadaye, wanaume waliokuwa na umri wa mwaka 1 hadi 9 siku ile walionekana kuwa na mbegu chache na zenye mwendo hafifu kuliko wenzao, ilhali waliokuwa na miaka 10 hadi 17 hawakuwa na upungufu huo. Idadi yao ilikuwa hata juu kidogo. Sumu ileile, mji uleule, umri tofauti.

Usiogope kupita kiasi, kwa sababu dioksini hukaa mwilini kwa miaka, na dawa nyingi za magugu za leo, ikiwemo 2,4-D, hutoka kwa mkojo ndani ya siku chache. Lakini beseni litenganishwe leo. Nguo za kupulizia zivuliwe nje, zisiingie chumbani, zisuuzwe peke yake kwa maji mengi, na ikiwezekana azifue mwenyewe akiwa na glavu katika miezi hii. Iliyomwagikiwa dawa isiyozimuliwa haifuliwi, inatupwa.

Jembe Kavu amejibu:

Nakiri kwamba habari ya viambato vya kupenyeza sikuifahamu. Bado sikubali kwamba glaifoseti ndiyo mshitakiwa, lakini nimetoka nje sasa hivi kukagua bomba langu, na mpira wa kifuniko umechanika.

Mpuliziaji amejibu:

Nawashukuru nyote, na samahani kwa kukawia. Nilitaka kwanza nikusanye chupa. Nilizozipata ni tatu. Moja ni glaifoseti. Ya pili ni 2,4-D, ambayo ndiyo tuliyoitumia zaidi msimu uliopita. Ya tatu haina lebo: ilimiminwa kutoka dumu kubwa, na aliyenipa alisema tu ni "ile kali". Anayechanganya ni mimi, kwa sababu wenzangu husema nina mkono mwepesi wa kupima, na kijiti cha kukorogea kikipotea nimewahi kutumia mkono.

Kabla ya kipimo nilikaa siku kumi bila kukutana na mke wangu, nikidhani kwamba kadiri ninavyosubiri ndivyo mbegu zitakavyojaa. Homa sikupata. Daktari amenipapasa na amesema upande wa kushoto kuna mishipa iliyotanuka kidogo, hivyo amenipangia kipimo cha picha.

Jambo jingine ambalo sikulitarajia: nilimweleza mwenzangu yule asiye na mtoto kwamba nimepima. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba naye alipima mwaka jana kwa siri na karatasi anayo. Yeye ndiye huchanganya siku ambazo mimi sipo. Mwenzetu mwenye watoto wanne hajawahi kugusa chupa. Kazi yake ni kuchota maji.

Siwezi kuacha kazi leo kwa kuwa tuko katikati ya msimu, lakini nimebadilisha bomba, na tangu juzi kuchanganya anachanganya mwenye shamba. Je, nirudie kipimo lini?

Hadubini amejibu:

Siku kumi ni nyingi. Idadi haikupungua kwa sababu hiyo, lakini mwendo huweza kuonekana mbaya kuliko ulivyo, kwa kuwa mbegu zilizokaa muda mrefu huzeeka na kufa ndani. Kwa hiyo asilimia 24 yako usiilie sana. Hiyo milioni 9 ndiyo ya kuangaliwa, tena ikiwa baada ya siku kumi.

Usihesabu tangu leo. Hesabu tangu siku utakayopulizia kwa mara ya mwisho msimu huu, ongeza siku 90, kisha upime katika maabara ileile, ukiwa umekaa siku tatu. Baada ya wiki mbili hadi nne urudie tena, ili tuwe na vipimo viwili vya baada ya kupumzika. Kipimo cha mishipa usikisubirishe; kifanyike sasa, maana mambo mawili yanaweza kukutana kwa mtu mmoja na kila moja likabeba sehemu yake.

Kuhusu mwenzako, karatasi mbili hazithibitishi kitu, na anayechota maji si ushahidi wa kisayansi. Mwombe hata hivyo aandike tarehe ya kipimo chake na dawa alizokuwa akichanganya katika miezi mitatu iliyotangulia, nawe uandike zako, mpeleke karatasi zote mbili kwa daktari mmoja.

Msoma Lebo amejibu:

Ile chupa ya tatu usiitumie, usimpe mtu, na usiimwage mtaroni wala shimoni. Iandike kwa wino usiofutika kwamba ni sumu isiyojulikana, uifungie mbali na watoto, na umuulize aliyekupa dumu hilo lina lebo gani. Akikataa kukuonyesha, waulize wenzako ni siku zipi waliitumia, na tarehe hizo uziongeze kwenye karatasi ya daktari.